Damu Iliyopelekwa Nairobi

Mimi nina hasira za karibu, sikatai. Waliokaa nami Voi miaka ile ya tisini watakwambia hata kabla hujawauliza. Lakini hasira zangu za siku zote huja zikaenda, kama maji ya mto wetu: leo umefurika, kesho mchanga mtupu. Hizi ninazotaka kuzieleza zilikaa. Zilikaa mimba nzima.

Mtoto wangu wa kwanza nilimzaa nyumbani, kwa mkono wa mkunga wa mtaani. Alikuwa wa kiume, nywele zimejaa kichwani, na kilio chake kilisikika hadi kwa jirani. Kisha mkunga akamgeuza ili amfute mgongo. Chini, karibu na kiuno, palikuwa na mahali ngozi haikufunga. Wanaume wakatoka mbio kutafuta gari la kumpeleka Mombasa, kwa kuwa kule kulikuwa na madaktari wa kupasua watoto. Gari likapatikana, dereva akawa amekwenda Mwatate. Dereva akarudi, gari likawa halina mafuta. Tukangoja, na mtoto akangoja nasi, na alipokata roho gari lilikuwa mlangoni limewashwa.

Baada ya hapo yakaja maneno. Mmoja alisema nilimcheka kilema nikiwa na mimba, mwingine akasema ni kushona, kwamba ile cherehani ya miguu ilimtikisa mtoto tumboni mpaka akapasuka. Mimi nilikuwa nikishona sare za shule, ndiyo kazi yangu, na nilikuwa nakaa kwenye cherehani ile kutwa. Kila mtu mtaani alikuwa na sababu yake, na kila sababu ilinielekea mimi. Sikusikia hata mmoja akisema pengine baba yake alimcheka mtu.

Aliyenipa neno la maana alikuwa daktari mmoja wa bara, aliyekuwa na zahanati yake ndogo kando ya barabara kuu. Nilimwendea kwa sababu ya maziwa. Yalikuwa yamejaa, yameniuma, na wa kuyanyonya hayuko. Aliponipa dawa akaniuliza mtoto alikuwa na nini, nikamweleza, nikangoja na yeye aniambie nilimcheka nani.

"Mama, hii si laana na hukufanya kitu mbaya," akasema. "Uti wa mgongo haukufunga. Hiyo hufanyika mapema sana, hata mama mwenyewe hajajua ako na mimba. Ukishika mimba ingine uje. Kuna damu tunatoa, tunatuma Nairobi, inatuonyesha kama mgongo ya mtoto iko wazi."

Nikamwuliza, "Na ikionyesha uko wazi?"

"Basi utaenda kuzaa Mombasa, karibu na daktari wa kupasua. Hautangoja gari."

Neno hilo la mwisho ndilo nililotoka nalo. Sikutaka kipimo kwa udadisi. Nilitaka, ikiwa mtoto wangu atazaliwa na mgongo wazi tena, azaliwe pale ambapo kuna mtu wa kuushona.

Sasa hapa lazima nieleze kidogo mambo ya nyumba zetu. Sisi ni Waislamu wenye asili ya pwani, na nilikuwa nakaa nyumba moja na mavyaa wangu, mamake mume wangu, mjane aliyeletwa Voi na kazi ya mumewe ya reli akabaki hapohapo na Kimvita chake hakikupungua hata herufi. Mwanamke mzuri. Mpishi. Mkali kama mimi, ndiyo maana tulikuwa tukigombana asubuhi tukala pamoja adhuhuri. Na katika nyumba zile mimba haitajwi mwezi. Ukiulizwa, unapunguza. Ukiwa wa sita unasema wa nne, ukiwa wa nne unasema hata sijui, pengine homa. Si uongo, kwa wanavyoona wao. Ni kinga. Macho ya watu ni mengi na husuda haina dawa, basi afadhali uchungu ukushike siku ambayo hakuna anayekutazamia, uzae, na jirani astukie kilio cha mtoto.

Mimba ya pili iliposhika nilitaka kwenda kwa daktari mwezi uleule. Mavyaa akasema subiri. Zahanati iko barabarani, akasema, utakaa kwenye benchi na nusu ya Voi inapita inakutazama, na kesho itajulikana mpaka Maungu.

Nikamwambia, "Mama, mficha uchi hazai."

Akanijibu, "Uchi si mwezi. Uchi mwonyeshe daktari, mwezi kaa nao."

Mume wangu naye, aliyekuwa na duka la vipuri vya malori, ndiye mtu asiyetaka ugomvi duniani. Ukimwuliza jambo mbele ya mama yake anaanza kutafuta funguo. Alichoniuliza tulipokuwa peke yetu ni hiki: "Na kipimo kikisema ni mbaya, tutafanya nini?" Nikamweleza habari ya Mombasa, akasema inshallah, na inshallah ya mume wangu mimi niliijua maana yake.

Basi nikasubirishwa. Mwezi wa pili ukapita, wa tatu, wa nne. Nilipoona wa tano umeingia na mtoto ameanza kucheza tumboni, nikavaa buibui nikasema mimi naenda, anayetaka kunifuata anifuate. Mavyaa akanifuata. Mwenye mimba haendi peke yake, hilo nalo ni sheria.

Pale zahanati muuguzi alinipeleka nyuma ya pazia kunipima presha na kunitoa damu. Daktari akabaki upande wa pili na mavyaa wangu. Malori ya Mombasa yalikuwa yanapita na pazia linatikisika, nikawa nasikia sauti zao bila kusikia maneno. Nilipotoka, daktari alikuwa ameshamaliza kuandika. Akaniambia nimekuja wakati mzuri kabisa. Mimi nilidhani nimechelewa, nikafurahi.

Akataka kunishika tumbo, apime ukubwa wake. Mavyaa akasimama katikati yetu.

"Daktari, tuwie radhi. Huyu hashikwi tumbo na mwanamume."

Nikasema, "Mama, mwache apime."

"Damu umeshatoa. Yatosha."

Na daktari, badala ya kunitazama mimi mwenye tumbo, akamtazama yeye. Akatia mikono mfukoni. Mpaka leo nikikumbuka mikono ile inavyoingia mfukoni damu inanichemka. Mtu umesoma miaka yote hiyo, umekuja mpaka Voi kwenye jua letu, halafu unazuiwa na bibi mmoja wa buibui unakubali.

Siku za kungoja majibu nilishona kama mwenye wazimu. Nikasikia tu, siku moja, mavyaa ameacha kunigombeza. Nilimwaga uji jikoni, akauzoa mwenyewe akaniambia pole mwanangu. Niliunguza mchuzi wa nazi, akaula, akasema mtamu. Hapo roho ikanipaa. Mavyaa wangu hakuwa mtu wa kula mchuzi ulioungua akausifu, ila kuna msiba.

Jioni nikamtazama mume wangu. Akaanza kutafuta funguo.

Kesho yake nikaenda zahanati peke yangu. Sikuaga mtu. Nikampita muuguzi, nikamkuta daktari anakunywa chai, nikamwuliza, "Tumbo hili ni la nani?"

Akaweka kikombe chini. Akasema alikuwa amempigia simu mume wangu dukani, akidhani ni bora mzee aniambie nyumbani, polepole. Nikamwambia mzee anaambia vipuri, mimi niambie wewe. Ndipo akanieleza. Mtoto mwenye mgongo wazi huvujisha kitu fulani, kikaingia katika damu ya mama. Kila mama ana hicho kitu, na huzidi kadiri mimba inavyokua. Lakini changu kilikuwa kingi, kingi kuliko mimba ya miezi yangu inavyotakiwa kuwa nacho. Haikuwa hakika, akasema, ila ilitia wasiwasi, hasa kwa kuwa wa kwanza alikuwa hivyo. Niende Mombasa nikapigwe picha ya tumbo.

Sikumwuliza ni miezi mingapi aliyoandika. Kwa nini ningemwuliza? Mimi nilijua miezi yangu, na nilidhani ameijua.

Nilipofika nyumbani nilisema yote yaliyokuwa kifuani. Nikawaambia wote wawili kwamba wamenificha habari ya mtoto wangu, aliye ndani ya mwili wangu, kama vile mimi ni mpangaji tu humu ndani. Mume wangu akasema alikuwa anatafuta namna ya kuniambia. Nikamwuliza ameitafuta wapi, kwenye masanduku ya vipuri? Mavyaa alikaa kwenye mkeka anachambua mchele, anachambua punje ileile, haiishi.

Miadi ya picha ilipatikana baada ya muda, na muda ule ndio ulionila. Mtoto alikuwa anacheza. Kabla ya majibu, akinipiga teke nilikuwa nikimgusa, nasema haya, nimekusikia. Baada ya majibu nikaacha. Alikuwa akipiga nami naendelea kushona, nabana meno. Nilijiambia huyu nisimzoee. Hata mavazi ya mtoto sikushona, mimi fundi, mwenye vipande vya kitambaa vilivyojaa gunia. Nilikuwa nimemzika tayari na yeye anacheza.

Basi tukaenda Mombasa, mimi na mavyaa, mume wangu akabaki dukani. Hospitali ilikuwa ya binafsi, na aliyepiga picha alikuwa daktari mwanamke, Mhindi mzaliwa wa Mombasa, Kiswahili chake kimenyooka kunishinda mimi. Alimruhusu mavyaa akae kwenye kiti karibu na mlango. Akanipaka mafuta baridi tumboni, akaniuliza mimi, akinitazama usoni: "Mwezi wa ngapi, mama?"

"Wa sita unakwenda."

Akachukua barua ya Voi, akaisoma, akanitazama tena. "Kwa barua hii, wa tano ndiyo kwanza umeingia."

"Mimi ndiye mwenye mimba," nikasema, kwa ukali zaidi ya nilivyokusudia.

"Haya, tumwulize mwenyewe," akasema, akaweka kile chombo tumboni.

Alipima kichwa, akapima mfupa wa paja, akapima tena. Kisha akasema mtoto yumo mwezi wa sita, kama nilivyosema mimi. Akauliza ni nani aliyempa daktari wa Voi ile hesabu. Wakati uleule nilijua. Niligeuza kichwa nikamtazama mavyaa kwenye kiti chake. Alikuwa ameshika ncha ya buibui mdomoni, macho yake sakafuni.

Daktari akaendelea kwa upole, kama mtu ambaye hajaona kitu. Akasema kile kilichopimwa katika damu huongezeka mimba inapokua, kwa hiyo kiasi kinachotisha katika mwezi wa nne kinaweza kuwa cha kawaida kabisa katika wa tano. Waliosoma damu yangu kule Nairobi waliisoma kwa miezi waliyopewa. Akageuza kioo nikaona. Akafuata mgongo kwa kidole, kutoka shingoni, mfupa baada ya mfupa, umejipanga kama punje za hindi kwenye gunzi, mpaka chini, pale ambapo mwenzake alikuwa wazi.

"Hapa naona umefunga," akasema. "Lakini picha ni picha, mama. Wakati mwingine kidogo hupita bila kuonekana. Yakini ni akizaliwa."

Nililia. Nikajifuta yale mafuta mwenyewe, nikavaa, nikatoka nje bila kumngoja mavyaa.

Alinikuta kwenye benchi la nje. Nilikuwa nimeshayapanga maneno yangu na yalikuwa makali, wallahi, yangemkata mtu. Nikaanza nayo. Nikamwambia amenila wiki nzima nzima za maisha yangu. Nikamwambia mtoto amekuwa akiniita tumboni nami simwitiki, kwa ajili ya mdomo wake yeye. Nikamwuliza daktari naye ni jirani? Daktari naye ana husuda na mimba yangu?

Akaningoja nimalize. Kisha akasema, "Yule wa kwanza mwezi wake niliutaja mimi."

Sikumwelewa.

"Niliutaja sokoni. Niliutaja kwenye harusi, kwa wanawake waliotoka mpaka Taveta. Aliyeniuliza nilimwambia, na asiyeniuliza nilimwambia. Nilifurahi, mwanangu. Nilikuwa sijapata mjukuu. Nikasema wa tisa unaingia, njooni mle halua." Akaikunja ncha ya buibui. "Basi huyu nikamficha kwa kila mtu. Na daktari ni mtu."

Usidhani nilimsamehe palepale, la. Nilikuwa na hasira zangu zote, nzima, na nilizitaka. Ila nilikuwa nikimtazama mwanamke ambaye miaka yote ile, mtaa uliponitupia mimi lawama, yeye alikuwa amejitwika peke yake bila kumwambia mtu. Nikasema, "Mama, yule hakufa kwa mdomo wako."

Akaniuliza, "Wewe wajuaje?"

Nikafungua kinywa nimjibu kwamba niliambiwa na daktari. Nikakifunga. Daktari aliyeniambia hivyo ndiye yuleyule aliyeniambia damu yangu ni mbaya. Ningemshawishi na nini? Tulikaa pale wote wawili, na mimi nikiwa nimekasirika zaidi kuliko nilivyokuwa ndani, kwa sababu sasa sikuwa na wa kumkasirikia.

Hata hivyo jambo moja sikukubali kulijadili. Nilisema nitazaa Mombasa. Mume wangu akasema lakini picha imetoka nzuri, gharama za nini tena, na Voi wakunga wapo. Nikamwambia picha ni picha. Nikamwambia mtoto wangu wa pili hatangoja gari. Cha ajabu, aliyenyanyuka kunifungia nguo alikuwa mavyaa. Tukahamia kwa dada yake, Mombasa, na huko kila aliyeniuliza mwezi wangu nilimtajia, kwa sauti, na mavyaa akawa anatoka chumbani kila nikitaja.

Uchungu ulinishika baada ya sala ya adhuhuri. Hospitalini mavyaa alikataa kukaa nje na wanawake wengine, wakamwacha asimame pembeni ya chumba. Sikumwona, nilikuwa na shughuli yangu. Nilisikia mtoto analia na sikujua kama ni kilio kizuri au kibaya, maana hata yule wa kwanza alilia vizuri. Niliuliza mgongo, mgongo wake vipi, lakini wauguzi walikuwa wananishughulikia mimi na hakuna aliyenijibu. Mmoja wao akamzungushia mtoto kitambaa akampokeza mavyaa.

Nikageuza kichwa. Mavyaa alikuwa ameketi chini, sakafuni, miguu ameinyoosha kama anayetaka kumwogesha. Hakumtazama uso. Alimfunua, akamlaza kifudifudi juu ya mapaja yake, akaanza kumpitishia kidole kutoka shingoni kwenda chini, polepole, mfupa kwa mfupa. Alipofika mwisho akarudi juu akaanza upya. Mtoto alikuwa anapiga kelele na yeye hasikii.

Dada yake akachungulia mlangoni, akauliza, "Haya, tupe habari, mwanamume au mwanamke?"

Mavyaa hakuinua kichwa.

"Sijaangalia," akasema. "Umefunga."